Anti, nikikataa kujibu maswali ya mahakama si nitaonekana mwizi tu?

Anti shikamoo,

Jina langu naomba usiliweke. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko huku Marekani mwaka wa kumi na moja sasa, nina grini kadi, uraia sijaomba bado, natunza wazee zamu ya usiku. Nakuandikia alfajiri nimetoka kazini, mume wangu amelala na makaratasi yenyewe nimeyaficha chini ya mataulo maana hajui kitu.

Kwa miaka minne nilikuwa mweka hazina wa chama chetu cha kusaidiana misiba. Walioko nje wanavijua hivi vyama, mnachanga kila mwezi, mwenzenu akifiwa mnasafirisha mwili mpaka nyumbani. Chama kimesajiliwa, kina akaunti yake benki, na kadi ya benki nilikaa nayo mimi. Katiba inasema kila pesa inayotoka iwe na saini mbili, ila mashine Anti haiulizi saini, inauliza namba ya siri tu.

Sasa mwaka juzi mambo yakanigeukia. Gari likafa, kaka yangu nyumbani akalazwa figo zimekataa, kodi ya nyumba miezi miwili nadaiwa. Nikachukua dola 600. Nina daftari la bluu la shule, la mwanangu, kurasa za nyuma nikaandika tarehe na "deni langu 600". Mwezi uliofuata nikarudisha 200, nikaandika. Halafu nikachukua tena, na tena, kila mara naandika, kila mara najiambia hela ya marejesho ya kodi ikirudi namaliza. Nikijumlisha daftari nimechukua dola 9,300 na nimerudisha 2,100. Chama wao wanasema zimepotea 11,800. Hiyo ya juu yake mi siijui, kuna misiba tulilipa keshi na risiti hazipo, lakini nani atanisikiliza saa hizi.

Ilivyojulikana ndo inaniua. Mama mmoja alifiwa na mwanae, kijana wa miaka 22. Wakaja kutaka pesa ya kusafirisha, wakakuta akaunti ina dola 140. Mwili ulikaa mochwari siku kumi na tatu watu wanachangishana upya. Usiku ule nikarekodi voisi kwenye grupu la WhatsApp, "ndugu zangu nimewakosea, nipeni muda nitalipa", nikalia humohumo kwenye voisi, nikajitoa kwenye grupu.

Wakanishtaki. Sio polisi, ni kesi ya madai, wanataka hela yao. Alikuja kijana akagonga kengele akauliza jina langu akanikabidhi bahasha akaondoka. Nikatafuta wakili, akapeleka majibu ya kwanza. Sasa wiki tatu hivi zilizopita imekuja bahasha ya pili, ina maswali 25 natakiwa nijibu kwa maandishi nikiwa nimeapa, nina siku 30, zimebaki 12. Na orodha ya vitu wanavyotaka niwape, meseji, karatasi za benki yangu, na "daftari au kumbukumbu yoyote ya fedha za chama". Wakili anasema na dipozisheni inakuja, nitakaa mezani na wakili wao ananihoji na kila neno linaandikwa.

Swali la 11 nimelisoma mpaka nalijua kwa moyo: "Kwa kila fedha iliyotoka kwenye akaunti bila saini ya pili, eleza nani aliitoa, siku gani, kwa sababu gani, na ilikwenda wapi." Nimejaribu kulijibu kwa penseli, nimefuta nimeandika nimefuta mpaka karatasi imeota manyoya.

Wakili anasema kuanzia la 7 mpaka la 19 nisijibu, niandike kwamba natumia haki yangu ya Marekebisho ya Tano ya katiba ya Marekani, ya kutojitia hatiani. Nikamwambia mbona hiyo ni ya wahalifu, na mi hakuna aliyenishtaki jinai, polisi hata simu hawajapiga? Akasema hata kwenye madai inatumika. Halafu huku anaangalia saa akaongeza, ila jaji anaweza kukuchukulia vibaya kwa kunyamaza. Sasa Anti hiyo ni haki gani, unapewa halafu unaadhibiwa ukiitumia?

Mwenyekiti amenitumia ujumbe kupitia shemeji yangu, eti "ajibu tu ukweli yaishe, polisi hatuendi". Dada yangu mkubwa nyumbani anasema nyamaza na lile daftari choma moto. Mimi mwenyewe nimelelewa kwamba mtu akikosea anasema. Kwetu binti akiulizwa mbele ya shehe akanyamaza, amekubali, ndoa inafungwa. Nikinyamaza si nimeshakubali kwamba mimi mwizi? Na sikuiba Anti, nilikopa, daftari ni shahidi yangu. Nikieleza vizuri si wataelewa?

Mweka Hazina

---

Marahaba mwanangu. Pole na zamu, pole na hayo makaratasi chini ya mataulo.

Kabla ya yote, barua yako nimeikata. Jina la chama, jimbo, tarehe na baadhi ya tarakimu nimevitoa au nimevigeuza, na ingekuwa amri yangu hata hii iliyobaki usingeniandikia. Mimi sio wakili wako. Unachoongea na wakili wako kwa kawaida mahakama haiwezi kumlazimisha akitoe, unachoniandikia mimi, au dada, au shemeji anayebeba salamu, kinaweza kuitishwa kesho kama kilivyo. Nakwambia hivi mapema ili ujue hata mimi nitakavyokujibu nitakwepa mahali fulani makusudi.

Nikikusoma vizuri, una mambo mawili umeyafunga kwenye kitambaa kimoja. Moja ni la mahakama, ujibu maswali 13 au usijibu. La pili ni lile la mama aliyekaa siku kumi na tatu na mwili wa mwanae, na hilo ndo linakutoa machozi, hilo la kwanza linakutisha tu. Na naona umeanza kufikiri kwamba ukijibu swali la 11 ndo utakuwa umemjibu yule mama. Hebu tulifungue pole pole.

Hiyo haki imeingia kwenye katiba ya Marekani tangu 1791. Maneno yake yanasema mtu asilazimishwe kuwa shahidi dhidi yake mwenyewe kwenye kesi ya jinai, kwa hiyo swali lako kwa wakili halikuwa la kijinga, hata wenyewe walilibishania. Ila mwaka 1924 Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba haki hiyo haiangalii uko kwenye kesi gani, inaangalia jibu lako linaweza kwenda kutumika wapi. Ukiulizwa kwenye madai na jibu lako linaweza kubebwa likapelekwa kwa mwendesha mashtaka, unaruhusiwa kukataa. Na si lazima uwe umeshashtakiwa, inatosha hatari iwe ya kweli, sio ya kuota.

Na kwamba ni ya wahalifu tu, hapana. Mwaka 2001 mahakama hiyohiyo ilikuwa na kesi ya Ohio, dada mlezi wa mtoto aliyesema kabisa mimi sikufanya lolote, na bado akasema maswali haya sijibu. Wakaamua haki ni yake, maana hata asiye na kosa anaweza kusema neno la kweli likamfunga.

Sasa lile la shehe limenichekesha na limenigusa. Kwa bi harusi ni kweli kimya ni ndiyo. Kwenye kesi ya jinai huku ni kinyume kabisa, mwendesha mashtaka haruhusiwi hata kuwaambia wazee wa baraza, wale raia wanaoamua kesi, "mwoneni, amekaa kimya", hiyo imeamuliwa tangu 1965. Kwenye madai ndo tuko katikati. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ilisema katiba haikatazi mtu kufikiriwa vibaya akinyamaza kwenye kesi ya madai pale ambapo upande wa pili umeleta ushahidi dhidi yake. Majimbo mengine yameamua kuwa wapole zaidi, California kwa mfano sheria yao ya ushahidi hairuhusu kabisa jaji wala baraza kubeba kimya chako kikawa hoja. Ndo maana jimbo lako ni jambo kubwa, na wakili akutajie la kwenu linasemaje, asikujibu huku anaangalia saa, muda huo unaulipia. Lakini hata panaporuhusiwa kukuwazia vibaya, kwa kawaida kimya peke yake hakitoshi kukushinda, lazima wawe na vitu vingine vya kusimamia. Shida yako vitu vingine wanavyo, ile voisi ya usiku ule na karatasi za benki za chama.

Umeuliza ni haki gani hii unapewa halafu unaadhibiwa. Mi nadhani iangalie hivi, kwenye madai unachoweza kupoteza ni hela, na pengine heshima. Kwenye jinai ni mwili wako. Haki hii imewekwa kuulinda mwili, hela haikuahidi kitu. Kama bei hiyo inafaa kwako, mimi siwezi kukupimia.

Nataka nikusimamishe kidogo kwenye "sikuiba, nilikopa". Mwanangu mimi nakuamini kwamba moyoni ilikuwa mkopo. Ila soma sentensi hiyo kwa macho ya mtu ambaye kazi yake ni kushtaki. Anasikia nini? Anasikia nilichukua, nilijua si yangu, sikumwambia mtu. Sehemu nyingi za Marekani, aliyekabidhiwa pesa ya watu akaitumia kwa mambo yake, kusema nilikusudia kurudisha hakumtoi kwenye kosa, kunaweza kumpunguzia adhabu mwishoni huko. Kwa hiyo yale maelezo unayodhani ndo utetezi wako, upande wa pili ndo yanaweza kuwa ungamo lenye tarehe na kiasi, tena la kuapiwa. Daftari unalosema ni shahidi yako, sawa ni shahidi, ila hujajua bado ni wa nani.

Ndo maana "nikieleza vizuri wataelewa" inanipa wasiwasi. Nani ataelewa? Mwenyekiti labda. Lakini jinai sio mali ya mwenyekiti, ni ya serikali. Hata chama chote kikikusamehe, mwendesha mashtaka akisoma yale majibu anaweza kuendelea bila kuwauliza, na hata wasipofika polisi majibu yatakuwepo kwenye faili. Na hii ya kubadilishana, wewe tupe majibu au hela sisi hatusemi polisi, inaweza kuwaletea matatizo hata wao, kwa hiyo usiijibu kwa mdomo wa shemeji, mwambie wakili wako iliyofika. Anayeweza kukuhakikishia kwa sheria kwamba maneno yako hayatakurudia ni upande wa mashtaka wenyewe, kwa maandishi. Mwenyekiti hana hiyo kalamu.

Mfano wa kweli upo. Mwaka 1970 ilikuwepo kesi ya viongozi wa kampuni moja, serikali ilifungua kwanza kesi ya madai kuhusu bidhaa zao, ikaipelekea kampuni maswali ya maandishi kama haya yako, mmoja wao akajibu. Baadaye wakashtakiwa jinai. Walipolalamika kwamba majibu yale yametumika kuwatafutia kosa, Mahakama ya Juu ikawaambia, mlikuwa na haki ya kukataa, hamkukataa. Basi.

Na kuna mwingine, huyu ni mweka hazina mwenzako kabisa. Denver, kesi iliyoamuliwa 1951, mwanamke aliyeitwa mbele ya baraza la uchunguzi kuhusu vitabu vya chama cha siasa. Akajibu vizuri tu, ndiyo nilikuwa mweka hazina, ndiyo vitabu nilikuwa navyo, nimempa mtu mwingine. Wakamuuliza ulimpa nani, hapo akakataa. Mahakama ikasema umeshachelewa, ukishasema lile zito mwenyewe huwezi kujificha kwenye dogo linalofuata. Yaani alijikwaa kwenye maswali rahisi.

Kwa hiyo rudi uangalie hayo sita ya mwanzo ambayo wakili kasema ujibu. Jina, anuani, hakuna neno. Lakini kama humo ndani kuna "kadi ilikaa na nani" au "nani aliijua namba ya siri", hebu muulize tena. Kipimo chao, kilichowekwa pia 1951 kwenye kesi nyingine, ni kwamba jibu halihitaji kuwa ungamo, hata likiwa pete moja tu kwenye mnyororo linatosha kukataliwa. Na upande mwingine, katika zile 13 inawezekana yapo ambayo hayana hatari yoyote na ukiyakataa kwa jumla jaji atakasirika, maana kufunika yote kwa blanketi moja hawapendi, wanataka swali kwa swali. Hapo ndo kazi ya wakili ilipo, sio kuchora mstari kutoka 7 mpaka 19 akaenda zake.

Lingine watu wengi hawalijui, huku kunyamaza lazima kuandikwe. Ukikaa tu bila kujibu siku zikapita, hujatumia haki yoyote, umechelewa tu, na unaweza kuhesabiwa umeipoteza. Kuna karatasi za aina nyingine zinaweza kukufikia, zinasema "kiri au kanusha kwamba ulifanya hivi", hizo kwenye mahakama za shirikisho usipojibu ndani ya siku 30 zinahesabika umekiri zote, na majimbo mengi yana kanuni inayofanana. Zikija usiziweke kwenye mataulo.

Hilo daftari sasa. Dada yako anakupenda na anakuzamisha. Hapa tu ndo nitakuwa mkali, kuchoma, kuchana, kufuta voisi, kubadili simu, hapana. Hapo utakuwa umetoka kwenye deni umeingia kwenye kuharibu ushahidi, na hilo linaweza kuwa kosa lake lenyewe, pengine zito kuliko la mwanzo, na hakuna haki ya kimya inayolifunika. Lipeleke kwa wakili kwa mkono wako, usilipige picha ukamtumia mtu. Kisheria lina utata wake mtamu (samahani, mi haya mambo yananivutia). Kumbukumbu za chama hata zikiwa kabatini kwako ni za chama, aliyezishika kwa niaba ya chama hawezi kusema zitanitia hatiani, ndo alivyoambiwa yule wa Denver. Daftari lako binafsi ni habari nyingine, yaliyoandikwa humo uliyaandika kwa hiari hakuna aliyekulazimisha kwa hiyo hayo hayalindwi, ila kitendo cha wewe kulitoa, ambacho ni kama kusema "lipo, ni langu, ni lenyewe", hicho kinaweza kulindwa. Sasa kurasa za nyuma za daftari la mtoto zenye hesabu za pesa za chama, ni za nani? Mawakili wawili wazuri wanaweza kubishania hilo mchana kutwa. Usiliamue wewe jikoni saa kumi alfajiri.

Na nikuulize, huyo wakili anajua una grini kadi? Sio kwamba umemwambia siku ya kwanza kwenye fomu, nauliza ameifikiria? Maana kwako hatari sio jela tu. Sheria ya uhamiaji inayahesabu makosa ya udanganyifu yenye hasara inayozidi dola 10,000 kwenye kundi baya kabisa, ambalo mwenye grini kadi akitiwa hatiani kubaki nchini inakuwa vigumu mno. Angalia tarakimu zako mwanangu. Wewe unasema 9,300, wao 11,800. Umeona ugomvi wa risiti za keshi umekaa wapi? Nambari ambayo ungeiandika kwa penseli ili watu wakuonee huruma ndo hiyohiyo. Sisemi kosa lako ni la kundi hilo, hilo anajua wakili wa uhamiaji. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu iliamua wakili wa jinai lazima amwambie mteja mgeni kama kukiri kosa kutamletea kufukuzwa nchini, lakini wewe wako ni wa madai, labda hata hajawahi kusoma upande huo. Saa moja na wakili wa jinai na saa moja na wa uhamiaji kabla siku 12 hazijaisha, najua ni hela, na kwenye madai mahakama haikupi wakili wa bure, ila zipo ofisi za msaada wa kisheria na vyuo vya sheria vyenye kliniki, piga simu leo ukiamka. Na muda wa kujibu unaweza kuombwa uongezwe, mawakili huwa wanapeana wiki mbili tatu bila hata kumfikia jaji.

Njia nyingine zipo pia. Unaweza kuomba kesi ya madai isimame kwanza mpaka upande wa jinai ujulikane, ila jaji halazimiki, na kwa mtu ambaye hajashtakiwa bado wengi wanasita, kwa sababu chama nao wana haki ya kesi yao isioze. Unaweza kutafuta suluhu, ulipe kwa mafungu, iandikwe na mawakili na isiwe na sentensi inayokufanya ukiri zaidi ya unavyopaswa. Hiyo inaweza kuwapa wenzako wanachokitaka bila wewe kupanda kizimbani, lakini haimfungi mwendesha mashtaka mikono, nimeshakwambia. Unaweza pia kujibu yote, wapo waliofanya hivyo macho wazi, wakijua wanaloliingia, na wakalala usingizi. Na unaweza kukataa ukashindwa kesi ya madai ukalipa, ukabaki na watoto wako. Ukichagua kukataa ujue kitu kimoja, kwa kawaida huwezi kukataa sasa halafu siku ya kesi ukasimama ghafla useme "sasa nataka kueleza". Jaji anaweza kukuzuia, maana upande wa pili walinyimwa nafasi ya kukuhoji. Kwa hiyo ile hadithi ya figo za kaka na gari lililokufa, inaweza isisikike kabisa kwenye ile mahakama. Je utaweza kukaa nayo? Hilo mi naona ni swali kubwa kuliko la 11.

Kuhusu kulelewa kwamba ukikosea sema. Nami nimelelewa hivyo. Lakini wazazi wetu walipotuambia sema walimaanisha mbele ya uliyemkosea, si mbele ya karatasi yenye namba. Uongo chini ya kiapo ni dhambi na ni jinai, hapo hakuna mjadala, usithubutu hata kwa nusu sentensi. Kukataa kujibu sio uongo. Hujasema sikuchukua. Umesema hapa, leo, siongei. Watu wa chama watasemaje? Watasema mengi, wameshayasema, na ile voisi wanayo wanaisikiliza. Usiongeze ya pili, najua mkono utakuwasha siku ukiwa peke yako.

Yule mama mimi simsahau. Huwezi kumwandikia sasa, ukimwandikia barua yako inaweza kuwa kielelezo mahakamani, na pengine hata kuomba msamaha kwenyewe kutaonekana ni ujanja wa kesi. Ila kuna vitu havihitaji maneno. Kuendelea kurudisha hata dola 50, kupitia kwa wakili, kwa utaratibu atakaoukubali yeye, maana hata malipo yana namna yake ya kusomwa. Nauliza tu, kama swali la 11 lisingekuwepo, ungeanza na nini?

Na mumeo. Mazungumzo ya mume na mke yana ulinzi fulani lakini hautoshi kila mahali na kila jimbo lina lake, kwa hiyo sikwambii ukae naye umsomee daftari. Muulize wakili nini unaweza kumwambia. Pengine itakuwa sentensi mbili tu, "nimeshtakiwa, nina wakili, mengine siruhusiwi kukueleza sasa". Ataumia. Lakini bahasha ya tatu ikija mchana wewe umelala atakayefungua mlango ni yeye.

Uniandikie ukitaka, unieleze umelala saa ngapi na watoto wanaendeleaje. Ya kwenye daftari usiniandikie.